Mtoto anasema "kata" linaanza na "ka": tumfundisheje kusikia sauti moja moja?

Swali: Nafundisha watoto wanaoanza kusoma. Irabu wanazijua, na ba-be-bi-bo-bu wanaimba bila kukosea. Lakini nikiwauliza neno "kata" linaanza na sauti gani, karibu wote wanajibu "ka". Mmoja alinijibu "kisu". Nikiandika silabi ambayo hatujaifanyia mazoezi wanakwama, na kwenye imla neno "bamba" linaandikwa "baba". Mwalimu mwenzangu anasema Kiswahili ni lugha ya silabi, nisihangaike na sauti moja moja. Je, yuko sahihi? Na kama si sahihi, nianzie wapi?

Jibu:

Mwalimu, mwenzako amesema kweli, ila ameisema nusu. Silabi ndipo pa kuanzia kusoma Kiswahili, na nisingependa mtu akuondoe hapo. Tatizo ni kuishia hapo.

Tuanze na majibu ya watoto wako, maana yana habari nyingi kuliko mtihani wa kuandika. Aliyejibu "ka" sikio lake ni zima. Amelikata neno, ametoa kipande cha mbele, na kipande hicho kweli kipo. Kilichobaki ni kujua kwamba "ka" nayo inagawanyika. Aliyejibu "kisu" yuko nyuma ya hapo. Huyo hakulisikiliza neno, ameliruka akaenda moja kwa moja kwenye kitu: kata, kisu. Mtoto wa namna hii ukimuuliza lipi ni neno refu kati ya "nyoka" na "kipepeo", atakuambia nyoka, kwa sababu nyoka ni mrefu. Usimsumbue na sauti kwa sasa. Mpe siku kadhaa za kupiga makofi, nyo-ka mara mbili, ki-pe-pe-o mara nne, na umuulize tena lipi ni refu. Siku atakayocheka na kusema "kipepeo", ameanza kulisikia neno lenyewe mbali na kitu kinachotajwa. Hapo ndipo mlango unapofunguka.

Jambo jingine kabla hatujaenda mbali: mtoto hajui unaposema "sauti" unamaanisha nini. Sauti anayoifahamu ni ya redio, ya jogoo, ya mama akimwita. Wengi wanaojibu "ka" hawajashindwa swali, wamelielewa kwa namna yao. Chagua maneno yako mawili na uyashikilie mwaka mzima, kwa mfano "kipande" kwa silabi na "sauti" kwa kilicho ndani ya kipande. Usiyaeleze kwa ufafanuzi. Yaonyeshe kwa mfano, tena na tena, mpaka mtoto ayatumie mwenyewe.

Sasa, kwa nini "k" haisikiki? Simama mbele ya kioo, useme "ki", kisha "ku", polepole. Kwenye "ku" midomo imeshaviringika hata kabla "k" haijatoka. Kwenye "ki" imetanuka. Maana yake irabu imeshaanza kutengenezwa mdomoni wakati konsonanti haijaisha. Sauti za lugha hazitoki zimepanga foleni, zinatoka zimelaliana, na hakuna mahali unapoweza kukata ukasema "k" imeishia hapa, "u" inaanzia hapa. Alvin Liberman na wenzake wa Haskins Laboratories, Marekani, walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Silabi sikio linaipokea yenyewe. Sauti moja moja ni lazima akili ifundishwe kuitafuta.

Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mwalimu wa wanaoanza kusoma angefaidika akiujua. Watoto walipewa kijiti wagonge mezani, mara moja kwa kila silabi, au kwa kundi jingine, mara moja kwa kila sauti. Watoto wa miaka minne karibu nusu yao waliweza silabi. Sauti hakuweza hata mmoja. Waliomaliza mwaka wa kwanza wa shule, silabi waliziweza asilimia 90, na sauti asilimia 70.

Ukiishia hapo utadhani ni suala la umri, kwamba ukisubiri mtoto akue atasikia tu. Sivyo. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walitoa matokeo ya watu wazima wa Ureno ambao hawakuwahi kujifunza kusoma, watu wenye akili timamu na lugha kamili. Walipoombwa kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno, wengi walishindwa. Wenzao wa mazingira yaleyale waliojifunza kusoma ukubwani waliweza vizuri zaidi. Mwaka 1986 ukaja utafiti wa China: watu wazima waliosoma kwa maandishi ya Kichina pekee walipata shida hiyohiyo, na waliokuwa wamejifunza pia kuandika kwa alfabeti hawakuipata. Kwa hiyo umri peke yake hauleti jambo hili. Linafundishwa, na kufundishwa kwake kunakwenda pamoja na herufi. Nikisikia mwalimu anamwita mtoto mzito kwa sababu hasikii "k" ndani ya "ka", roho inaniuma. Mtoto huyo yuko mahali ambapo kila binadamu yuko kabla hajafundishwa.

Nirudi kwa mwenzako. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kimejengwa kwa silabi nyepesi, kwa hiyo zikaririwe. Tupige hesabu. Kiswahili kina irabu 5. Konsonanti, ukihesabu na ch, sh, dh, th, gh, ny na ng', ni 25. Silabi za konsonanti moja na irabu moja ni 25 mara 5, yaani 125. Hapo bado hujaweka mba, nda, nja, nga, mva na nza pamoja na ndugu zao, wala kwa, bwa, mwa na pwa. Mtoto anayekariri silabi kama picha nzima anabeba mzigo wa silabi mia na zaidi. Mtoto anayesikia kwamba ka, ke, ki, ko, ku zina mwanzo mmoja, na kwamba ka, ma, sa zina mwisho mmoja, ana vitu 30 vya kujifunza, vingine anavijenga mwenyewe. Hii ndiyo sababu watoto wako wanakwama kwenye silabi ngeni. Hawana cha kuijengea.

Unaweza kulithibitisha kesho asubuhi. Onyesha "bo" peke yake ubaoni, nje ya mstari wake, umwite mtoto mmoja. Ukiona midomo inanong'ona "ba, be, bi, bo" ndipo anapaza "bo!", umeona mtoto anayeimba chati. Kuimba chati hakumdhuru, lakini bado hajaanza kusoma.

Na imla yako inasema hivyohivyo. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 utafiti wa makosa ya watoto katika tahajia ya Kiswahili, na hoja yao kuu ni kwamba kuandika lugha ambayo tahajia yake hufuata kanuni si jambo dogo kama watu wanavyodhani. Tumezoea kusema "Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa". Ni kweli, lakini hilo linamsaidia yule tu anayesikia kinavyotamkwa.

Swali lako la pili, pa kuanzia, ndilo ninalotaka kulikalia.

Neno "kata" ni gumu kuliko ulivyodhani. Sauti "k" inatengenezwa nyuma ya kinywa, macho hayaioni, na haiwezi kurefushwa. Ukijaribu kuivuta, unachovuta ni irabu. Kwa hiyo iache kwanza, uanze na zawadi mbili ambazo Kiswahili kimetupa.

Zawadi ya kwanza ni maneno ya irabu tupu. "Ua." "Oa." "Au." Mtoto akipiga makofi, u-a, anapiga mara mbili, na kila kofi ni sauti moja. Hapa kipande na sauti ni kitu kilekile. Anatenganisha sauti bila kujua kwamba anafanya kazi ngumu, na wewe unapata nafasi ya kusema neno lako: "Hii 'u' ni sauti. Hii 'a' ni sauti."

Zawadi ya pili ni "m" inayosimama peke yake. Mti. Mtu. Mke. Mto. Mlima. Waambie wapige makofi: m-ti, mara mbili. Kofi la kwanza lote ni la "m", haina irabu ya kuiegemea. Hii ni konsonanti tupu, na sikio la mtoto limeshaizoea tangu alipoanza kusema. Aliyekujibu "ka" kwa "kata", muulize "mti" linaanza na nini, uone kama hatakujibu "mmm" bila kusita. Mshike hapohapo. Mmm-ti, mmm-tu, mmm-ke. Kisha teleza: mmm-ama, mmm-eza, mmm-oja. Ileile "mmm" ya "mti" ndiyo iliyojibana mbele ya "mama". Mara nyingi hapa ndipo mtoto anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba "ma" ina kitu mbele ya "a".

Tahadhari moja tu: maneno yanayoanza na "mb" yaepuke katika hatua hii. "Mbuzi" ni mbu-zi, makofi mawili, "m" imeshikana na "b". Lakini "mbu" anayeuma ni m-bu, "m" imesimama yenyewe. Na "mbuni" hutamkwa kwa njia mbili: ndege ni mbu-ni, mti wa kahawa ni m-bu-ni. Ni jambo zuri la kuwafurahisha watoto wakishakomaa. Mwanzoni linavuruga.

Baada ya hapo nenda kwenye maneno mafupi yenye irabu mwanzoni na mwishoni na konsonanti moja katikati: uma, ona, uza, osha, iva. Sauti tatu tu, na konsonanti ya katikati inaweza kuvutwa: u-mmm-a, o-nnn-a, u-zzz-a. Kwa kazi hii tumia visanduku vya D. B. Elkonin, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyefanya kazi katika karne ya 20. Mbinu yake haina gharama: unachora visanduku kwa idadi ya sauti za neno, mtoto anakuwa na vifuniko vya chupa au kokoto, na kila sauti anayoisikia anasogeza kimoja kwenye kisanduku.

Tulione likifanyika. Umechora visanduku vitatu. Neno ni "uma". Mtoto analitamka, kisha anaanza: "u", anasogeza kifuniko cha kwanza. "Ma", anasogeza cha pili. Anatazama. Kisanduku cha tatu kiko wazi. Hapo, mwalimu, nyamaza. Usimpe jibu. Kile kisanduku kitupu kinamuuliza swali vizuri kuliko utakavyomuuliza wewe. Akikuangalia kutaka msaada, sema neno wewe mwenyewe ukilivuta, uuu-mmm-aaa, kidole chako kikitembea chini ya visanduku, midomo yako aione ikifumba kwenye "mmm" na kufunguka kwenye "a". Mpe arudie. Watoto wengi hurudisha vifuniko vyote nyuma na kuanza upya bila kuambiwa. Akishajaza vitatu, muulize: "Sauti ya katikati ni ipi?" Muulize hilo kila mara, maana ya mwanzo na ya mwisho hupatikana mapema, na ya katikati ndiyo inayoonyesha kwamba ameelewa.

Ndipo konsonanti zije mbele ya neno, zile zinazovutika kwanza: s, f, v, z, sh, m, n, l. Saa, vaa, fua, zoa, kisha sema, simu, meza. Na mwisho kabisa, zile zinazopasuka mara moja na kwisha: p, b, t, d, k, g, pamoja na ch na j. Sasa "kata" limefika zamu yake. Usilivute, litofautishe. Kata, pata, bata: kitu gani kimebadilika? Weka kioo kidogo mikononi mwao, waone midomo ikifumba kwenye "pata" na "bata" lakini ikibaki wazi kwenye "kata". Weka kiganja kooni kwa "fua" na "vua", wasikie koo likitetemeka kwenye "v" na kutulia kwenye "f". Halafu geuza upande wa pili, mwanzo ubaki na irabu ibadilike: kata, keti, kiti, koti, kuti. Irabu zote tano, na maneno yote yana maana. Darasa likisema haya kwa mfululizo, waulize nini hakibadiliki. "K" iliyokuwa imefichwa hujitokeza kwa sababu kila kitu baada yake kimesogea.

Kuhusu kinywa chako mwenyewe: usiite "b" kwa jina la herufi wakati wa kuunganisha. Mtoto anayeambiwa "be, a, be, a" ana haki ya kusoma "beabea". Itamke kwa ufupi uwezavyo, karibu kunong'ona, bila kuiachia irabu. Zile zinazovutika zitoe safi, "sss" na si "sa". Hili linahitaji mazoezi kwa mwalimu kabla ya mtoto, na wengi wetu hatukufundishwa hivyo, kwa hiyo jifungie chumbani ujirudie mpaka ulimi uzoee.

Herufi ziingie lini? Mapema. Kuna ushahidi kwamba michezo ya masikio pekee inasaidia. Ingvar Lundberg na wenzake walionyesha mwaka 1988, katika kisiwa cha Bornholm, Denmark, kwamba watoto waliocheza michezo ya sauti kwa miezi kadhaa bila herufi kabla ya kuanza shule, walikuja kusoma na kuandika vizuri kuliko wenzao. Lakini Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walikuwa wameshaonyesha mwaka 1983 kwamba waliofundishwa kupanga sauti wakiwa na herufi za plastiki mkononi waliendelea zaidi kuliko waliofundishwa kwa sikio tu. Na jopo la wataalamu wa Marekani, National Reading Panel, lililotoa ripoti yake mwaka 2000 baada ya kupitia tafiti nyingi, lilifikia hukumu hiyohiyo. Ushauri wangu: neno likishachambuliwa kwa vifuniko na mtoto akaliweza, palepale ondoa kifuniko kimoja, weka kadi ya herufi mahali pake. "Mmm hii inaandikwa hivi." Kesho ondoa kingine. Usisubiri amalize sauti zote ndipo aone herufi.

Sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili zina kanuni yake: kifuniko kimoja, kisanduku kimoja, herufi mbili ndani yake. Sh ya "osha" ni sauti moja. Vivyo hivyo ch, dh, th, gh, ny na ng'. Ukichora visanduku vinne kwa "osha", umemfundisha kuhesabu herufi badala ya kusikia.

"Mb", "nd", "ng" na wenzake ni kesi nyingine, na hapa ndipo "bamba" yako ilipopotea. Wanaisimu wana mjadala wao kama "mb" ni sauti moja au mbili. Darasani mimi naihesabu mbili, kwa sababu mtoto ataandika herufi mbili na pua yake inaweza kumthibitishia. Waambie wabane pua kwa vidole, waseme "baba". Linatoka vizuri. Wabane tena, waseme "bamba". Linakwama, kitu kinasukuma puani. Kile kilichokwama ndicho "m". Kisha waingize kwenye maneno yanayotofautiana kwa pua tu: piga na pinga, fuga na funga, tega na tenga. Sema moja wapo, mtoto aonyeshe kwa kugusa pua kama amelisikia. Fanya hivyo kabla ya imla, maana mtoto anayeandika "baba" hajasahau herufi, hajaisikia ile "m" kabisa. Kwa "ngoma" na "ng'ombe" tumia pua hiyohiyo: kwenye "ng'ombe" sauti inakaa puani tu, kwenye "ngoma" pua inaachia na "g" inagonga.

Wapo pia watakaoandika "labuda", "dafutari" na "makitaba". Maneno haya yana konsonanti inayofunga silabi, lab-da, daf-ta-ri, mak-ta-ba, na mtoto aliyezoea kwamba kila konsonanti ina irabu yake anaipachika. Silabi zilizokaririwa haziwezi kumtoa hapo. Visanduku vitamtoa: l, a, b, d, a, vitano, hakuna cha sita cha kuweka "u". Ila sikiliza kwanza unavyolisema wewe. Kama mwalimu anasema "labuda", mtoto ameandika kwa uaminifu alichosikia.

Uaminifu huo uheshimu pia kwa watoto ambao lugha yao ya kwanza haitenganishi sauti fulani. Anayesema "kura" akimaanisha "kula" si mzembe. Usimfanye kichekesho cha darasa, na usitumie maneno hayo kumpimia katika miezi ya mwanzo. Mwonyeshe ulimi unapokaa, kwenye "l" umetulia nyuma ya meno, kwenye "r" unagonga. Mpe kusikiliza kwanza, kusema baadaye. Wengine watatofautisha kwa sikio muda mrefu kabla ulimi haujakubali, na wanaweza kuandika sawasawa huku bado wanatamka kwa lafudhi yao.

Muda hauhitaji kuwa mwingi. National Reading Panel iliona kwamba mafunzo yaliyochukua jumla ya saa 5 hadi 18 yalileta matokeo makubwa kuliko yaliyokuwa mafupi sana au marefu sana. Dakika 10 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinakupa saa 10 katika wiki 12. Waliona pia kwamba stadi moja au mbili kwa wakati ni bora kuliko kuchanganya nyingi, na vikundi vidogo ni bora kuliko darasa zima. Stadi mbili za kushikilia ni kutenganisha na kuunganisha: ya kwanza inamwezesha kuandika, ya pili kusoma. Michezo ya kufuta sauti, "sema 'mti' bila 'm'", inapendeza, lakini ni ya baadaye. Tusisahau kwamba katika lugha zenye tahajia nyepesi kama yetu, mtoto akishaanza kusoma, usikivu wake wa sauti hukua haraka kwa kusoma kwenyewe. Kwa hiyo akishaweza, acha visanduku, mpe hadithi. Baada ya hapo kinachowatofautisha watoto ni wepesi wa kusoma, na wepesi unatoka kwenye kurasa.

Kama darasa lako ni kubwa, wachukue watano watano wakati wengine wananakili au wanachora. Usiwapime kwa kwaya. Darasa zima likijibu kwa pamoja, sauti chache hodari hubeba nyingine zote, na yule wa "kisu" atafika mwisho wa mwaka hujamgundua. Mpime mmoja mmoja kwa maneno ya kubuni ambayo hakuna aliyeyasikia: "fimu", "zota", "uvo". Mwambie ni majina ya wanyama wa hadithini. Ukimtamkia "zota" akalichambua z, o, t, a, na ukimpa u, v, o akaunganisha "uvo", huyo ameelewa. Hakuna cha kukariri kilichomsaidia.

Atabaki mmoja au wawili ambao baada ya wiki nyingi bado hawasikii. Kabla ya kusema lolote juu ya akili zao, simama nyuma ya mtoto asipouona mdomo wako, umwambie kwa sauti ya kawaida arudie maneno yanayofanana: pata, bata, fua, vua, saka, shaka. Akikosea mara kwa mara, au akiwa anageuza shingo kukuangalia mdomo, au masikio yake hutoa maji au mafua hayamwishi, zungumza na mzazi apelekwe kupimwa masikio. Mwache akae mbele wakati mnasubiri. Na akikutwa masikio ni mazima, mrudishe kwenye "mti" na "ua", mkono wake ukiwa kwenye koo lako au mbele ya kinywa chako, na kadi za herufi ziwe mezani tangu siku ya kwanza. Kwa baadhi ya watoto jicho ndilo linalolionyesha sikio mahali pa kusikiliza.